Ridhaa na Malipo katika Picha

Katika michezo tumezoea kuwagawa wachezaji mafungu mawili: wa ridhaa na wa kulipwa. Wa ridhaa hucheza kwa sababu anapenda. Wa kulipwa hucheza kwa sababu ana mkataba. Mgawanyo huo umehamia taratibu katika shughuli nyingine, na mojawapo ni upigaji wa picha. Nimewasikia wasomi wenzangu, tena watu ninaowaheshimu, wakisema kwamba anayepiga picha kwa mapenzi tu ndiye hupiga picha za kweli, na kwamba siku atakapoanza kutoza fedha jicho lake litakuwa limekwisha kuuzwa. Katika sura hii nataka kuyapinga maoni hayo. Sitayapinga yote, maana yana chembe ya ukweli, lakini nitapinga sehemu yake kubwa.

Kwanza msomaji ajue ninasimama wapi. Mimi si mpiga picha. Nilifundisha shule ya msingi, nikawa mkufunzi wa Kiswahili, na miaka ya mwisho ya utumishi wangu niliongoza chuo cha ualimu. Lakini karibu kila chuo nilichopitia alikuwapo mkufunzi mmoja mwenye kamera. Aliinunua kwa hobi, akawapiga picha watoto wake, akapiga milima, akapiga jua linapozama. Baada ya mwaka mmoja ungemkuta anawapiga wanachuo picha za pasipoti kwa ajili ya fomu zao, na siku ya mahafali hakuwa na nafasi hata ya kula pilau. Stoo ya nyumba yake ilizibwa dirisha kwa blanketi ikawa chumba cha giza. Fedha ile ililipa karo na kununua mabati. Wenzake walimtania kwamba ameacha usanii amekuwa muuza sura. Yeye alicheka akaendelea na kazi. Kwa miaka mingi nimejiuliza ni nani aliyekuwa na haki katika utani ule.

Tuanze na neno lenyewe. Ridhaa ya michezoni ni hiari ya mchezaji. Lakini nje ya uwanja ridhaa ni kukubali: mzazi hutoa ridhaa binti yake aolewe, mgonjwa hutoa ridhaa apasuliwe. Tunaposema mpiga picha wa ridhaa, tunaifikiria hiari ya yule aliyeshika kamera. Yule aliyesimama mbele ya kamera tunamsahau. Hoja yangu ni kwamba uzuri wa picha ya mtu hautegemei sana kama aliyeipiga alilipwa au hakulipwa. Unategemea zaidi ridhaa ya aliyepigwa. Na ridhaa hiyo hupata ulinzi mzuri pale ambapo anayelipa na anayepigwa ni mtu mmoja. Fedha inayotoka mfukoni mwa aliyemo ndani ya picha haina ubaya. Ya kuangaliwa ni ile inayotoka kwa mtu ambaye hayumo ndani ya picha wala hatakutana na aliyemo.

Mfano wangu mkubwa unatoka mbali kidogo, Bamako nchini Mali, kwa sababu kazi ya mpiga picha mmoja wa huko imehifadhiwa na kuchapishwa vitabuni kiasi kwamba hata mstaafu wa mkoani kwetu anaweza kuikagua kwa utulivu. Jina lake ni Seydou Keïta. Alizaliwa mnamo mwaka 1921, akafundishwa useremala katika familia yake. Mwaka 1935 mjomba wake alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo aina ya Kodak Brownie, akampa. Kijana akaanza kupiga picha ndugu na jirani huku akiendelea kutengeneza samani. Mapenzi yakageuka kipato cha pembeni, na kipato cha pembeni kikageuka kazi: mwaka 1948 alifungua studio yake mjini Bamako, si mbali na stesheni ya reli, mahali ambapo wasafiri hawakosekani. Aliiendesha hadi mwaka 1962, serikali mpya ya Mali ilipomchukua kuwa mpiga picha wake.

Sasa tuziangalie picha. Ipo moja inayojulikana sana, ya kijana aliyevaa suti nyeupe na miwani yenye fremu nyeusi nene, ameshika ua moja la plastiki mbele ya kifua. Mtu asiyezoea angecheka: ua la plastiki! Lakini tazama vidole vilivyolishika. Vimelishika kama vile mwalimu anavyoshika chaki kabla hajaanza kuandika, kwa uangalifu na bila kubana. Uso hautabasamu wala haukasiriki. Kijana yule amekwisha kuamua anataka kuonekana vipi, na mpiga picha amemsaidia kuufikia uamuzi wake. Ipo nyingine ya mwanamke aliyejilaza akiegemea kiwiko, na ndani yake kuna vitambaa vyenye mapambo tofauti: gauni, tandiko na pazia la nyuma. Kwa kawaida mapambo mengi hivyo yangemmeza mtu. Hapa hayammezi, kwa kuwa mikono na uso vimewekwa pale ambapo macho ya mtazamaji lazima yatue.

Uzuri huo ulitoka wapi? Mimi nasema sehemu yake kubwa ilitoka katika hesabu ya biashara. Keïta alitumia kamera kubwa yenye negativu za sentimita 13 kwa 18, na negativu hizo zilikuwa ghali. Kwa hiyo kwa kawaida alimpiga mteja picha moja tu. Hapakuwa na ya kujaribia. Ilimbidi amtazame mtu vizuri kwanza, ageuze bega, ainue kidevu, apange kanzu, ndipo abonyeze. Mwanga wa jua ni bure, hivyo alipenda kufanya kazi uani. Pazia lake la kwanza lilikuwa shuka lake mwenyewe la kitandani, na baadaye akawa analibadilisha kila baada ya miaka miwili mitatu. Leo wataalamu hutumia mapazia hayo kukisia picha ilipigwa lini. Picha yenyewe ilisafishwa kwa ukubwa uleule wa negativu, mteja akaichukua nyumbani au akaituma kwa ndugu. Kama mama au mchumba angesema, "Huyu si wewe," mteja asingerudi, na jirani zake wasingekuja. Mkaguzi mkali kuliko huyo sijapata kumwona, hata wizarani.

Msomaji makini atanipinga hapa. Atasema kuwa picha za namna hiyo ni za kumpendezesha mteja. Studioni kwa Keïta kulikuwa na suti za Kizungu, saa, kalamu, redio, baiskeli, hata pikipiki ya Vespa, na mteja aliweza kuazima. Mtu asiye na redio akapigwa ameegemea redio. Je, huo si uongo?

Pingamizi hili ni zito na sitalipita kwa haraka. Nakubali kwamba kuna mambo ambayo albamu nzima ya Keïta haituonyeshi. Hatuoni msiba, hatuoni kazi ya jua kali, na asiyekuwa na fedha ya picha hayumo kabisa. Atakayetaka kuijua Bamako ya miaka ile kwa picha hizo peke yake atadhani kila siku ilikuwa Idi. Huo ni upungufu wa kweli wa picha ya kulipwa, na wanaoitetea wasiufiche. Lakini kuazima siyo kudanganya. Bwana harusi anayeazima koti hamdanganyi mtu. Kila mgeni anajua, na kila mgeni anaona heshima aliyoitaka. Aliyeegemea redio ya studio hakusema, "Ninayo redio." Alisema, "Mimi ni mtu wa zama za redio." Hilo lilikuwa kweli, na miaka michache baadaye, mwaka 1960, nchi yake ikawa huru.

Ili tupime vizuri, tumtazame mtu wa upande wa pili, ambaye hakuzifanya picha zake kuwa biashara. Vivian Maier alizaliwa New York mwaka 1926, na kuanzia mwaka 1956 aliishi Chicago na vitongoji vyake akifanya kazi ya yaya katika nyumba za watu. Shingoni alining'iniza kamera aina ya Rolleiflex, na siku za mapumziko, pengine hata akiwa na watoto aliowalea, alizunguka mitaani akipiga picha. Aliacha negativu zaidi ya 100,000. Mwaka 2007 mizigo aliyokuwa ameiweka katika ghala la kukodi ilinadiwa kwa sababu kodi haikulipwa, na sanduku la negativu likaangukia mikononi mwa kijana aliyekuwa akitafuta picha za kale za mji ule. Maier alifariki Aprili 2009, dunia ikiwa bado haijamjua.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Maisha ya mama huyu yanatuonya tusiitumie methali hiyo ovyo. Chema chake hakikujiuza hata kidogo. Kililala ghalani kwa miongo kadhaa. Na ni chema kwelikweli. Yeye aliviona vile ambavyo mteja wa studio asingevilipia kamwe: mtoto aliyelia hadi uso ukachafuka, mzee aliyesinzia, miguu ya watu wakingoja basi, kivuli chake mwenyewe juu ya majani. Kamera yake hushikwa kifuani na mpigaji huinamisha kichwa kuangalia juu yake, ndiyo maana katika picha nyingi watu wazima wanaonekana kutoka chini kidogo, kama mtoto anavyowaona. Uhuru wa kutotegemea mteja ulimpa jicho hilo. Hapa ndipo wasomi wenzangu wana ile chembe ya ukweli niliyoitaja.

Lakini uhuru wake nao ulikuwa na gharama. Filamu nyingi zilikaa bila kusafishwa hadi alipofariki, yaani picha alizopiga hakuwahi kuziona. Hakuna aliyemrudia kumwambia kwamba hii umenikosea, rudia. Aidha, wengi kati ya aliowapiga hawakujua kwamba wanapigwa. Kisha, jambo ambalo mimi linanisumbua zaidi, yeye mwenyewe alitendewa vivyo hivyo. Picha alizozificha maisha yake yote zilisafishwa, zikawekwa fremu, zikauzwa kwa maelfu ya dola, zikatengenezewa filamu, na ilipofika mwaka 2014 zikafika mahakamani kwa ugomvi wa nani mrithi. Mpiga picha wa ridhaa aliuzwa bila ridhaa.

Keïta naye yalimkuta yanayofanana na hayo, ingawa alikuwa hai. Mwaka 1991 picha zake kadhaa zilionyeshwa New York zikiwa zimeandikwa kwamba mpiga picha wake hajulikani. Wakamtafuta, wakampata Bamako, na mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho makubwa Paris, mji ambamo alifariki mwaka 2001. Nafurahi kwamba alipata heshima akiwa bado anaona. Lakini mlipaji alikuwa amebadilika, na picha zikabadilika pamoja naye. Picha iliyokuwa ya kushikwa mkononi ikakuzwa ikafunika ukuta. Na chini yake, mahali ambapo palitakiwa jina la binti wa fulani au fundi cherehani wa mtaa fulani, yakawekwa maneno mawili: Bila Jina. Kwa mteja wa mwaka 1955 picha ile ilikuwa ndiyo jina lake lenyewe. Sisemi kwamba maonyesho yalikuwa dhuluma. Nasema tu kwamba mhakiki asiyeliona badiliko hilo hajaitazama picha.

Hapo tumeingia katika aina ya malipo ninayoiogopa, ile inayotoka kwa mtu wa mbali. Ni aina ngumu kuihukumu, na haki inanitaka nianze na mfano unaonipinga. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, akaanza na kamera ya sanduku utotoni, na mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake ya Camerapix hapohapo Dar es Salaam. Yeye ni hobi iliyokuwa riziki, tena riziki ya hatari: alipoteza mkono mwaka 1991 Addis Ababa, na maisha mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara ikaangukia baharini huko Komoro. Oktoba 1984 alipiga filamu ya wenye njaa kule Korem, kaskazini mwa Ethiopia. Tarehe 23 ya mwezi huo BBC iliirusha kwa maelezo ya Michael Buerk. Waliolipia habari ile walikuwa mbali sana na Korem. Waliopigwa hawakuwa na nguvu ya kukataa wala kukubali. Hata hivyo filamu ile iliitikisa dunia, na misaada ikamiminika. Sitathubutu kusema asingeipiga. Nyumba ikiungua huombi ruhusa ya mwenye nyumba kupiga yowe.

Lakini si kila siku nyumba inaungua, na wapo waliojifunza kupiga yowe kwa sababu yowe linalipa. Nitatoa mfano niliouona mwenyewe. Jirani na chuo nilichokiongoza palikuwa na shule ya mazoezi. Kijana mmoja mpenda picha, ambaye sitamtaja, aliwapiga watoto pale siku moja ya masika. Picha moja aliiuza kwa shirika, nalo sitalitaja, ikatokea katika kalenda. Ilikuwa picha iliyopigwa kwa ustadi. Mtoto wa kiume amesimama peku katika matope, ameshika fagio la njiti, ameinua macho kuelekea kamera iliyo juu yake. Rangi zilikuwa nzuri, na tope liling'aa kama shaba. Miezi kadhaa baadaye mama wa mtoto aliiona kalenda hiyo ukutani katika ofisi alikokwenda kwa shida zake. Akaja kwangu.

"Mkuu," aliniambia baada ya salamu, "mimi sikufuata hela. Nimekuja kuuliza kwa nini hakuningoja nimvalishe mwanangu viatu. Viatu anavyo."

Ilikuwa siku ya usafi. Watoto walikuwa wamevua viatu wakaviweka darasani visiharibiwe na matope, kama walivyofundishwa. Nilimwandikia barua yule kijana. Alinijibu kwamba picha ilipigwa mahali pa wazi, na kwamba fedha aliyopata ilikuwa ndogo. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomjibu yule mama.

Swali lake lina uhakiki zaidi ya vitabu vingi. Weka picha hizi mbili pamoja. Kijana wa Bamako ameshika ua la plastiki, pengine na koti si lake, lakini picha inasema kweli juu yake. Mtoto wa kalenda hakuazimwa kitu. Miguu ni yake, tope ni la kweli, fagio ni la shule. Lakini picha inasema uongo juu yake. Inasema mtoto huyu hana viatu. Imemvua kitu alichonacho na ikamwuza akiwa hivyo. Ukiangalia namna ilivyopigwa utaona dalili: kamera iko juu, mtoto yuko chini, hakuna mwenzake pembeni ingawa uwanja mzima ulikuwa umejaa watoto, na hakuna jina. Anayelipa alikuwa anataka huruma, na mpiga picha akampatia huruma. Yule mtoto alikuwa malighafi tu.

Siku hizi wapo pia walipaji wasio na sura kabisa. Tangu mwanzo wa karne hii kumekuwa na kampuni zinazokusanya picha za watu wa hobi na kuziuza kwa yeyote duniani kwa njia ya intaneti. Shutterstock, kwa mfano, ilianzishwa New York mwaka 2003, na mwanzilishi wake alianza na picha zake mwenyewe. Vijana wetu nao hupeleka picha huko na kulipwa senti za dola kila inaponunuliwa. Kwa upande wa sheria mambo yako sawa: mtu anayetambulika katika picha ya matangazo hutiwa saini kwenye hati ya ridhaa. Lakini zitazame picha zenyewe. Utaona watu wanaocheka mbele ya kompyuta, mikono inayopeana, daktari aliyekunja mikono kifuani. Hawajamkasirisha mtu wala hawamhusu mtu. Kwa kuwa mnunuzi hajulikani, picha imesafishwa kila kitu ambacho kingeifanya iwe ya mahali fulani au ya mtu fulani. Hapa ridhaa ipo kwenye karatasi, na mtu ametoweka. Kwa hiyo saini peke yake haitoshi, ingawa naikubali kuliko kutokuwepo kabisa, na nafurahi kwamba Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022.

Baada ya safari hiyo ndefu nataka kumtetea mtu anayedharauliwa kuliko wote: mpiga picha wa mahafali. Kila msomaji anamfahamu. Anakupiga unapotoka ukumbini, anakimbia mjini kusafisha, na saa mbili baadaye picha zimepangwa chini, juu ya turubai au kanga, nawe unainama ukitafuta sura yako kati ya mia mbili. Hukumwagiza. Ukiipenda unanunua, usipoipenda unaiacha pale, na hasara ni yake. Wasomi humwona kero. Mimi naona kwamba mtu huyu, bila kujua, amewekewa masharti yaleyale ya Bamako. Hakimu wake ni aliyemo ndani ya picha, na hukumu hutolewa hadharani, mbele ya shangazi na wajomba.

Sisemi kazi yake yote ni nzuri. Nyingi ni za haraka, kila mtu amesimama wima katikati, cheti kifuani, nyuma kuna gari la mtu. Pia zile zinazobaki chini hukanyagwa jioni, na hilo halipendezi. Lakini nimewaona wachache waliokuwa mafundi hasa. Mmoja wao, katika mahafali niliyosimamia, alimsimamisha mhitimu pamoja na mama yake, mwanamke wa kijijini aliyevaa kanga mpya. Mama alijisogeza pembeni ili asiharibu picha ya joho. Mpiga picha akamrudisha, akachukua cheti mkononi mwa kijana akampa mama akishike. Ni hayo tu aliyofanya. Picha ile niliiona ilipotandazwa, na hata mimi niliyekuwa na haraka nilisimama. Mama ameshika karatasi kwa mikono yote miwili kama anayeshika sahani iliyojaa mchuzi, na kijana hatazami kamera, anamtazama mama. Bei ilikuwa ileile ya picha nyingine. Wakanunua tatu.

Simu zimemnyang'anya mtu huyu sehemu kubwa ya soko, na sioni kama litarudi lote. Kila mhitimu sasa anajipiga mwenyewe mara hamsini, jambo ambalo Keïta mwenye negativu yake moja lingemshangaza. Lakini picha hamsini ambazo hakuna aliyezingoja wala kuzilipia husahaulika ndani ya simu, na simu ikiharibika zimekwenda nayo. Nadhani bado kuna riziki kwa anayejua kumtazama mtu kabla ya kubonyeza, na kumkabidhi picha ya karatasi.

Walimu vijana hunijia wakiuliza kama ni vibaya kutoza fedha kwa kitu walichokianza kwa mapenzi. Nawajibu si vibaya, tena watoze bei inayolipa muda wao, waandike kila shilingi daftarini, maana mali bila daftari huisha bila habari. Ninachowaomba ni kujiuliza maswali matatu kabla ya kuuza picha ya mtu. La kwanza: anayelipa ni nani, ni huyu aliye mbele yangu au mwingine? La pili: kama ni mwingine, je, aliye mbele yangu anajua picha inakwenda wapi na itasema nini juu yake? La tatu: naweza kumpelekea mkononi, nikae naye aiangalie, bila aibu? Akijibu ndiyo kwa swali la tatu, hayo mengine kwa kawaida huwa yamekwisha kujijibu.

Na kwa anayeanza nashauri aanzie mtaani kwake: wasusi, mafundi baiskeli, wanakwaya, bibi anayetaka picha moja nzuri kabla macho hayajamwisha. Hao watampunja kidogo kwenye bei, na watamkosoa sana. Watamwambia umenifanya mweusi mno, umenikata miguu, mbona nimenuna. Avumilie, arudie picha kwa gharama yake. Akikaa nao miaka miwili mitatu, kipato kitakuwa kimeanza kueleweka, na jicho lake halitakuwa limeuzwa kwa mtu.